Jiwe Nyuma ya Tairi la Kulia

Mkurugenzi alinisogezea karatasi, akaweka kalamu juu yake, akasema, "Saini tu, Mama Limi. Una mtoto mdogo."

Nilikuwa nimeshaisoma mara mbili. Ilichapwa vizuri, bila kosa la herufi hata moja. Ilisema kwamba mimi, mwalimu wa udereva katika shule yake, sikuwafundisha wanafunzi kutumia hendibreki mlimani. Kwamba nilibuni kwa akili zangu mtindo wa kuweka jiwe nyuma ya tairi. Na kwamba uongozi haukuwa na habari. Hayo yote ningeweza kuyajibu kwa adabu, kama nilivyokuwa nimejibu kwa adabu miezi minane. Lakini alipomtaja mtoto wangu, ambaye saa ile alikuwa kwa bibi yake Mabatini akinyweshwa uji, hapo ndipo uvumilivu uliponiishia.

Nikachukua ufunguo wa gari jekundu msumarini. Nikamwambia twende mlimani, sasa hivi, mimi na yeye. Tukirudi akiwa bado na hamu ya kunisainisha, nitasaini.

Alitazama dirishani. Nje kwenye benchi walikaa wanafunzi sita, na wote walikuwa wamesikia, kwa sababu ukuta wa ofisi ile ulikuwa wa mbao nyembamba. Mtu hawezi kumiliki shule ya udereva halafu akaogopa kupanda gari lake mwenyewe mbele ya wateja. Akavaa koti.

Huo mlima nitaufikia. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaokuja nyumbani kuniuliza kwa nini niliacha. Wengine hustaafu na mvi, wakaagwa kwa soda na saa ya ukutani. Mimi nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na tisa, na mtoto mgongoni. Vyeo sitavitaja, havikuwepo. Mshahara mnaujua wenyewe.

Niliingia shuleni pale nikiwa nimemaliza kidato cha nne, wakati shule bado ilikuwa ya shirika la umma. Walitaka wanawake wawili wa kuwafunza kuwa walimu. Mwenzangu alidumu wiki moja, akaolewa. Aliyetupokea alikuwa Mzee Magesa, mtu wa upande wa Musoma, mfupi, ambaye alikuwa ameendesha malori ya pamba tangu ujana wake na bado alizungumza kwa sauti ya mtu anayeshindana na injini. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akanitazama miguuni, akasema, "Vua viatu."

Nikadhani ni adhabu. Kumbe ndivyo alivyofundisha klachi. Alisema mguu uliovaa kiatu unasikia kiatu. Kwa mwezi mzima niliendesha pekupeku, na nikajua kwa unyayo kile ambacho hakuna kitabu kinachoweza kukuonyesha: mahali klachi inapoanza kushika. Ni pembamba kama kucha. Unakanyaga klachi mpaka chini, unaingiza gia namba moja, hendibreki iko juu. Unaiachia klachi polepole mpaka gari lijikunje, pua iinuke kidogo, na sauti ya injini ishuke kama ya mtu aliyetwishwa gunia. Hapo ndipo pa balansi. Mguu usitikisike. Ongeza mafuta kidogo, kisha, si kabla, ushushe hendibreki. Wengi wanaanza na hendibreki kwa sababu mkono una haraka kuliko mguu.

Kipimo chake kilikuwa kibiriti. Tukifika katikati ya mlima wa Isamilo, anasimamisha gari, anashuka, anaweka kibiriti nyuma ya tairi la kulia, anarudi kukaa. Ukiondoka bila kukiponda, umefaulu. Ukikiponda, jioni unaosha gari. Niliosha gari siku tisa mfululizo. Siku ya kumi alishuka, akaokota kibiriti kizima, akawashia sigara yake.

Kesi ngumu ya kwanza niliyopewa peke yangu ilikuwa mfugaji mmoja wa Misungwi, mzee wa heshima, aliyeuza ng'ombe akanunua pikapu na hakutaka kuendeshwa na vijana. Vibiriti aliviponda mpaka duka la jirani likatuuliza tunapika nini. Kila mara anashusha hendibreki kwanza, gari linarudi, anapiga kelele za kusimamisha ng'ombe. Nilimweleza kwa upole, kwa ukali, kwa kuchora chini kwa kijiti. Haikuingia. Nikaenda kumwita Mzee Magesa. Yeye hakugusa gari hata kidogo. Alimuuliza tu: ukipandisha mkokoteni wa ng'ombe ukasimama mlimani, gogo la kuzuia gurudumu unalitoa wakati gani?

Yule mzee akamtazama kama anayeulizwa jina la mama yake. "Mpaka ng'ombe wavute, kamba ikaze. Ukilitoa kabla, unakufa."

"Basi hendibreki ndiyo gogo. Klachi ndiyo kamba."

Hakuponda kibiriti tena. Nilijifunza siku ile kwamba mwanafunzi mgumu mara nyingi anajua tayari, ila anajua kwa lugha ya kazi yake. Mtafute huko.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara ya watu binafsi. Magari ya mtumba yakaanza kumiminika kutoka Japani kupitia Dubai, na kila aliyepata kidogo kwenye minofu ya sangara alinunua gari kwanza, kuendesha akajifunza baadaye. Kwetu ilikuwa neema, benchi halikukauka. Lakini shirika likauzwa kipande kipande, na shule ikamwangukia mfanyabiashara wa saruji aliyetaka aitwe Mkurugenzi. Alikuwa na magari mawili: jeupe, jipya jipya, la kupelekea watu mtihani, na jekundu, lililochoka, la kufundishia. Yeye mwenyewe hakujua kuendesha. Hilo si kosa, mwenye duka la kinyozi anaweza kuwa na upara. Kosa ni kwamba hakutaka kuambiwa kitu na anayejua.

Mzee Magesa alipunguzwa kazi mwezi wa kwanza wa mwenye shule mpya. Alipokuja kuchukua vitu vyake alinikuta uani na jekundu. Alilizunguka, akalitingisha bodi, akaniambia, "Gari bovu usilifundishie, mwanangu. Gari bovu linafundisha lenyewe." Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nimechoka, nikaitikia tu kwa kichwa.

Waya wa hendibreki ulikatika niliporudi kutoka uzazi. Ninyi mliozoea magari yenye pedali ya pili upande wa mwalimu, mjue jekundu halikuwa nayo. Hendibreki, iliyo katikati ya viti viwili, ndiyo ilikuwa silaha pekee ya mwalimu. Mwanafunzi akichanganyikiwa, unaivuta. Ikikatika, wewe ni abiria kama abiria mwingine, tofauti ni kwamba unaona mapema utakavyokufa.

Nilimwambia Mkurugenzi siku ile ile. Akasema kifaa kinakuja kutoka Dubai. Wiki iliyofuata niliandika katika daftari la gari, nikaandika tena kila Jumatatu. Fundi wa gereji ya jirani alisema anaweza kufunga waya mwingine kabla ya chakula cha mchana. Nikalipeleka hilo ofisini pia. Mkurugenzi aliniambia gari likilala gereji siku nzima wateja watakwenda kwa wengine, kisha akasema mbele ya mhasibu, akicheka, "Wewe si mwalimu? Mwalimu mzuri hahitaji breki."

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapoona aibu. Jiwe nililianza mimi. Hakuna aliyenituma. Niliwaza: ni kwa wiki moja tu, mpaka kifaa kije. Na Mwanza, mji wa miamba, jiwe halitafutwi. Mwanafunzi anasimama mlimani kwa breki ya mguu, mimi nashuka, naweka jiwe nyuma ya tairi la kulia, narudi kukaa, namwambia atafute balansi. Akiipata, gari linaondoka na jiwe linabaki. Tunasimama kwenye tambarare ya juu, nakimbia kulifuata, maziwa yananitoka hadi kwenye blauzi, narudi nalo nalitupa nyuma ya kiti. Mara mbili liliteleza. Mara ya pili lilinikwaruza mkono kutoka kiwikoni hadi kwenye kidole kidogo, na gari lilirudi urefu wa mtu mzima kabla mwanafunzi hajakumbuka mguu wake. Nilimnyonyesha Limi jioni ile kwa upande mmoja.

Hendibreki niliwafundisha kwa maneno. Uani, gari limesimama, nawaambia vuta, bonyeza kitufe, shusha. Wanavuta hewa. Wanacheka. Mlimani wanajua kuna jiwe.

Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa minane. Siku moja Mkurugenzi alipita Isamilo akiwa kwenye gari la rafiki yake, akatukuta. Alisimama, akatazama, akasema huo ndio ubunifu. Kesho yake nikakuta jiwe limepakwa rangi nyeupe. Alikuwa amemwagiza mlinzi alipake, lisionekane ovyo mbele ya wateja.

Katika wanafunzi wa kipindi hicho alikuwapo Bi Nyamizi, mchuuzi wa sangara wa Igombe, mwanamke wa mikono mikubwa, asiyeogopa kitu. Alishika haraka kuliko wote. Balansi yake ilikuwa safi, angeweza kuliweka gari mlimani kama kikombe mezani. Siku ya mtihani barabara ya mlimani ilikuwa imefungwa, wanachimba bomba, kwa hiyo wakapimwa kwenye tambarare, kwa gari jeupe, lenye hendibreki nzima ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuigusa. Akafaulu. Akatuletea samaki.

Wiki ya tatu baada ya leseni alikuwa anapandisha pikapu yake Mabatini, asubuhi, masanduku ya samaki na barafu nyuma. Mbele yake mkokoteni ukakwama, akasimama kwenye mteremko. Gari likarudi nyuma. Lilipita juu ya meza ya mama mmoja muuza nyanya, na juu ya mguu wake.

Mama yangu ndiye aliyekuja kuniambia, Limi akiwa mgongoni kwake. Nilikwenda hospitali mchana. Muuza nyanya alikuwa amelala, mguu umefungwa kutoka nyonga hadi kisigino, mifupa miwili imevunjika. Sakafuni kando ya kitanda alikaa Bi Nyamizi na nguo zile zile zenye magamba. Tangu asubuhi hakuwa ametoka. Nilichuchumaa karibu naye, nikamuuliza ilikuwaje, maana nilijua anavyoendesha. Alijibu bila kunitazama.

"Mwalimu, nilingoja jiwe."

Nikaketi sakafuni kando yake.

"Nilikanyaga breki nikangoja mtu aweke jiwe. Niliona watu wanapita, nikasema sasa hivi atakuja. Mguu ukaanza kutetemeka. Nikakumbuka niko peke yangu."

Alikuwa na hendibreki nzima pembeni ya goti lake. Mkono wake haukuijua.

Nilitoka pale nikatembea hadi nyumbani, sikumbuki njia. Kesho yake askari walikwenda shuleni kuuliza alifundishwa wapi na nani. Keshokutwa yake ndipo Mkurugenzi aliponisogezea ile karatasi na kalamu, na kunikumbusha kwamba nina mtoto.

Basi tukatoka ofisini. Uani tulimkuta Bi Getruda, fundi cherehani wa Buswelu, amekwisha kukaa kiti cha nyuma. Ilikuwa saa yake ya kujifunza. Mkurugenzi akamwomba ashuke, somo lake litasogezwa. Alikataa kwa upole sana. Alisema ametoka Buswelu alfajiri, ameacha gauni la harusi kwenye mashine, na mahali popote saa yake itakapokwenda naye atakwenda. Nikawasha gari.

Nilisimama katikati ya mlima, pale pale pa kibiriti. Nilitazama kioo: nyuma hakuna mtu, hakuna gari, barabara nyeupe kwa jua mpaka chini kwenye kona. Injini ikiwaka, nikatoa gia, mguu wangu kwenye breki.

Nikamwambia Mkurugenzi avute hendibreki, iko hapo kati yetu. Aliivuta. Ilipanda yote, nyepesi, kama mpini uliochomoka kwenye jembe. Nikamuuliza kama ameivuta mpaka mwisho. Akasema ndiyo.

Nikainua mguu.

Gari lilirudi shubiri moja. Nikakanyaga. Nikainua tena, likarudi hatua nzima, na kokoto zikalia chini ya tairi. Nikakanyaga. Alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, na lile koti likampanda mabegani. Akasema basi, ameelewa. Nikamwambia bado, maana wanafunzi wangu huwa wanakaa hapa dakika kumi. Nikainua mguu mara ya tatu.

Hapo ndipo aliposahau kilichoandikwa kwenye karatasi yake. Aligeuka nusu. "Weka jiwe, mama. Shuka uweke jiwe. Liko nyuma ya kiti."

Nilikanyaga breki mpaka chini. Kisha Bi Getruda akasema kutoka nyuma, taratibu, kama anayemjibu mteja kuhusu kitambaa:

"Liko hapa, Mkurugenzi. Nimelikanyaga."

Niliingiza gia namba moja, nikatafuta balansi kwa breki ya mguu na klachi, nikahamisha mguu kwenye mafuta, gari likapanda bila kurudi hata upana wa kidole. Nasema hili si kwa majivuno. Nasema kwa sababu inawezekana, kwa mtu aliyeponda vibiriti tisa na kufanya kazi hiyo miaka. Mwanafunzi wa wiki ya pili hawezi, na hana sababu ya kuweza.

Uani nilimrudishia ufunguo. Hakuitaja tena saini. Alisema kuanzia leo nisije kazini. Bi Getruda aliponipita getini aliniambia alichosikia amesikia, na akiulizwa atasema. Aliulizwa, akasema.

Malalamiko niliyaandika mchana huo, Limi amelala magotini. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne na ilikuwa na maneno ambayo mwalimu wangu wa Kiswahili asingeyasahihisha, angeyachoma. Nikaipeleka kwa Mzee Magesa. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni, akaomba kalamu, akaanza kukata. Alisema matusi niyaondoe, yatamfurahisha. Ataonyesha watu kuwa ni ugomvi wa mwanamke mwenye hasira. Nikamwambia nina hasira kweli. Akasema hasira ni sawa na mafuta, ukimwaga yote kabla klachi haijashika, unaunguza tu. Kisha akaniuliza swali moja lililonikera kuliko yote: wewe mwenyewe umejiandika wapi humu?

Sikuwa nimejiandika. Nikarudi nyumbani, nikaandika upya. Hii ndiyo niliyoipeleka ofisi ya mkaguzi wa magari, ikapigwa muhuri mbele yangu. Ninaiweka hapa neno kwa neno.

*Kwa Mkaguzi wa Magari, Mwanza.*

*YAH: GARI LA KUFUNDISHIA LISILO NA BREKI YA MKONO, NA WATU WALIOFUNDISHWA KWALO*

*Mimi ni mwalimu wa udereva mwenye kibali chenu. Kwa miezi minane nimefundisha kwa gari jekundu la shule iliyotajwa nyuma ya barua hii, ambalo waya wake wa breki ya mkono umekatika. Mwenye shule alijua. Nilimwambia kwa mdomo, na niliandika katika daftari la gari kila Jumatatu. Daftari liko ofisini kwake. Naomba mlichukue leo.*

*Mtindo wa kuweka jiwe nyuma ya tairi niliuanza mimi. Sikulazimishwa kuuanza. Nilipoona hautaisha ningepaswa kukataa kufundisha, na sikukataa, kwa sababu nilihitaji kazi. Kwa hiyo lalamiko hili ni juu ya mwenye shule, na sehemu yake ni juu yangu. Kibali changu nimekiambatisha. Mtakaloamua nitalipokea.*

*Mwanamke aliyepata ajali Mabatini hakuendesha kwa uzembe. Alifanya kama alivyofundishwa, na mwalimu wake ni mimi. Naomba hilo liandikwe kwenye jalada lake kabla hajafikishwa mahakamani, na mwenye shule agharimie matibabu ya mama aliyevunjika mguu.*

*Naomba gari hilo liondolewe barabarani.*

*Mwisho. Wako watu wengine thelathini na mmoja waliofundishwa kwa jiwe hilo, na wote wana leseni. Majina na mitaa yao nimeyaorodhesha. Kumi na wawili wameshanunua magari, na wanaishi milimani. Niko tayari kuwafundisha upya, mmoja mmoja, bila malipo, kwa gari lolote lenye breki ya mkono, hata kama mtaninyang'anya kibali na kumweka mwalimu mwingine kunisimamia. Naomba waitwe kabla mvua hazijaanza.*